Frigeti iliyonasa maharamia Kenya ilipofunga mlango wa mahakama

Kufufuka kwa uharamia katika pwani ya Somalia tangu mwishoni mwa mwaka wa 2023 kumezusha upya swali ambalo mataifa yenye manowari katika Bahari ya Hindi yalidhani yamekwisha kulizika: mharamia akishakamatwa, apelekwe wapi?

India ililijibu mnamo Machi 2024. Wanamaji wake waliikomboa meli ya mizigo ya MV Ruen, iliyokuwa mikononi mwa maharamia tangu Disemba 2023, wakawatia mbaroni Wasomali 35 na kuwasafirisha hadi Mumbai. Huko walikabidhiwa polisi ili washtakiwe chini ya sheria ya kupambana na uharamia ambayo India iliipitisha mwaka wa 2022. Miaka 15 awali, watu kama hao wangeshushwa Mombasa.

Sababu ya mabadiliko hayo inaonekana vyema katika historia ya manowari moja ya Marekani, USS Nicholas. Ilihudumu kwa miaka 30 na ilipigana katika vita vya Ghuba, lakini alama yake ya kudumu iliiweka mahakamani. Na alama hiyo, kwa namna ambayo Wakenya wengi hawaijui, ina wino wa jaji aliyeketi Mombasa.

Nicholas ilikuwa frigeti, yaani manowari ya wastani ambayo kazi yake kuu ni kusindikiza meli nyingine na kuzilinda. Iliundwa katika kiwanda cha Bath, jimbo la Maine, na ikaanza kazi rasmi Machi 10, 1984. Ilipewa jina la Samuel Nicholas, ofisa wa kwanza wa kikosi cha wanamaji wa nchi kavu wakati wa vita vya kupigania uhuru wa Marekani.

Ilikuwa mojawapo ya frigeti 51 za muundo wa Oliver Hazard Perry zilizoundiwa jeshi la Marekani. Shabaha ilikuwa kupata manowari nyingi kwa gharama nafuu, ziweze kuvusha misafara ya meli katika Bahari ya Atlantiki endapo vita vingezuka na nyambizi za Muungano wa Sovieti zianze kuiwinda. Vita hivyo havikuzuka. Nyambizi zilizokusudiwa kuwindwa ziliishia kuozea bandarini, na frigeti hizo zikatafutiwa kazi nyingine.

Kazi hiyo ilipatikana katika Ghuba, na haikuwa rahisi. Mwaka wa 1987 makombora ya ndege ya Iraq yaliipiga USS Stark, dada yake Nicholas, na kuua mabaharia 37. Mwaka uliofuata dada mwingine, USS Samuel B. Roberts, alikanyaga bomu la baharini akanusurika kuzama.

Nicholas yenyewe ilikuwa na bahati zaidi. Usiku wa Januari 18, 1991, muda mfupi tu baada ya vita vya kuikomboa Kuwait kuanza, iliongoza shambulizi dhidi ya wanajeshi wa Iraq waliokuwa wamejichimbia katika majukwaa ya mafuta ya Durrah. Wairaki 23 walitekwa, wakawa miongoni mwa mateka wa kwanza wa vita hivyo. Siku chache baadaye helikopta yake ilimwopoa baharini rubani wa ndege ya kivita ya F-16 aliyelazimika kuruka.

Laiti historia yake ingekomea hapo, ingetosha kuandikwa kwenye bamba la shaba na kutundikwa ukutani. Lakini manowari hiyo iliendelea kuzeeka kazini. Mwanzoni mwa karne hii frigeti za aina yake ziling'olewa mitambo ya kurushia makombora, zikabaki na mzinga mmoja, helikopta na bunduki za rashasha. Kwa vita vikubwa zilikuwa zimepitwa na wakati. Kwa kufukuza mashua za maharamia, zilitosha na kubaki.

Ndivyo Nicholas, ikiwa na umri wa miaka 26, ilivyojikuta magharibi mwa visiwa vya Ushelisheli usiku wa kuamkia Aprili 1, 2010. Taa zake zilikuwa zimepangwa hivi kwamba kwa mbali gizani ilifanana na meli ya biashara. Wasomali watatu katika mashua ya kasi waliikaribia na kuanza kuimiminia risasi za AK-47.

Bila shaka hawakujua walichokuwa wakikipiga. Frigeti ilijibu kwa rashasha, ikawafukuza na kuwakamata. Wenzao wawili walinaswa katika chombo kikubwa zaidi kilichoibeba mashua hiyo kutoka Somalia. Hakuna baharia wa Nicholas aliyejeruhiwa. Hakuna kilichoibwa. Nukta hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuzua kizaazaa.

Kwa kawaida hatua iliyofuata ingekuwa kuelekea Mombasa. Kenya ilikuwa imetia saini maafikiano ya kupokea washukiwa na Uingereza mnamo Disemba 2008, na Marekani Januari 2009 na Umoja wa Ulaya Machi 2009. Washukiwa zaidi ya 100 walikuwa wameletwa nchini kwa njia hiyo.

Lakini mwanzoni mwa Aprili hiyo hiyo ya 2010, Kenya ilisema basi. Waziri wa Mashauri ya Kigeni wakati huo, Bw Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba nchi haitaendelea kuwapokea maharamia wanaokamatwa na manowari za kigeni. Malalamiko ya serikali yalikuwa ya wazi: mahakama na magereza yalikuwa yamelemewa, na mataifa yaliyoahidi kusaidia kubeba mzigo huo yalikuwa yakijivuta.

Ni vigumu kuilaumu Kenya kwa hilo. Mataifa tajiri yalikuwa na pesa za kugharimia manowari kwa miezi kadhaa baharini, ila hayakutaka mshukiwa hata mmoja akanyage ardhi yao, aombe wakili na pengine hifadhi ya ukimbizi. Yalichotaka ni pahali pa kuwatua. Wakati huo huo, maelfu ya mahabusu Wakenya walikuwa wakisubiri kesi zao zisikizwe katika mahakama zile zile.

Uzito wa tatizo ulionekana mwezi mmoja baadaye. Mnamo Mei 2010 wanamaji wa Urusi waliikomboa meli ya mafuta iitwayo Moscow University na kuwakamata maharamia 10. Kisha waliwatia katika mashua ya mpira na kuwaachilia baharini, mamia ya maili kutoka nchi kavu, wakidai kwamba hapakuwa na msingi wa kisheria wa kuwashtaki. Watu hao hawakuonekana tena.

Wasomali watano wa Nicholas hawakuachiliwa. Walisafirishwa hadi Norfolk, Virginia, mji ambao ndio uliokuwa bandari ya nyumbani ya frigeti iliyowakamata. Kwa hivyo mabaharia waliofyatuliwa risasi waliweza kutoa ushahidi katika mji wao wenyewe. Mawakili wa washtakiwa walisema wateja wao walikuwa wavuvi waliotekwa na maharamia na kulazimishwa kushiriki.

Utetezi mzito zaidi, hata hivyo, ulihusu maana ya neno uharamia. Sheria ya Marekani inamhukumu kifungo cha maisha yeyote anayetenda uharamia "kama unavyofafanuliwa na sheria ya mataifa", lakini haiufafanui. Ufafanuzi uliotegemewa ulitoka katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa mwaka wa 1820, ambao uliuona uharamia kuwa wizi wa mabavu baharini. Watano hao hawakuwa wameiba hata kamba.

Hoja hiyo haikuwa ya mzaha. Siku tisa tu baada ya kisa cha Nicholas, Wasomali wengine walikuwa wameifyatulia risasi manowari USS Ashland katika Ghuba ya Aden. Nao walifikishwa Norfolk, na mnamo Agosti 2010 Jaji Raymond Jackson akaitupilia mbali shtaka lao la uharamia kwa sababu hawakuwa wamepora chochote.

Kesi ya Nicholas ilikuwa mbele ya jaji mwingine katika jengo hilo hilo, Mark Davis. Mnamo Oktoba 2010 aliamua kinyume. Kwa maoni yake, sheria ya mataifa si jiwe lililochongwa mwaka wa 1820. Hukua kadiri mataifa yanavyoitumia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa 1982 unahesabu kitendo chochote haramu cha ukatili, kinachofanywa kwa maslahi ya kibinafsi dhidi ya chombo kingine katika bahari kuu, kuwa uharamia, awe mtendaji amepora au la.

Ili kuthibitisha kwamba mataifa kweli yanauelewa uharamia hivyo, Jaji Davis alihitaji mifano ya mahakama zilizoutumia mkataba huo. Mfano mmoja aliupata Kenya.

Mnamo Januari 2006 manowari ya Marekani USS Winston S. Churchill ilikuwa imewakamata Wasomali 10 waliokuwa wameliteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat. Walishtakiwa Mombasa na kila mmoja akafungwa miaka saba. Walipokata rufaa wakidai kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya matendo ya bahari kuu, Jaji Festus Azangalala wa Mahakama Kuu alikataa mnamo Mei 2009, akiegemea mkataba wa 1982 na wajibu wa Kenya kama mwanachama wa jumuiya ya mataifa.

Kwa hivyo uamuzi uliotolewa Mombasa ulivuka bahari na kusaidia kuziba mwanya katika sheria ya taifa lenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani. Si jambo dogo. Nchini Kenya halikutajwa sana, labda kwa sababu yaliyotokea nyumbani majuma machache baadaye yalikuwa ya kutahayarisha.

Novemba 2010, Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka ya kuwahukumu washukiwa kwa matendo yaliyofanyika nje ya eneo la bahari la Kenya. Kesi hiyo ilihusu Wasomali tisa waliokamatwa Machi 2009 na frigeti ya Ujerumani, Rheinland-Pfalz, baada ya kuishambulia meli MV Courier. Kipengele cha Kanuni ya Adhabu walichoshtakiwa nacho kilikuwa kimefutwa na Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka wa 2009 kesi ikiendelea.

Mwezi huo huo, Novemba 24, jopo la raia mjini Norfolk liliwapata watano wa Nicholas na hatia. Waendesha mashtaka walisema miaka zaidi ya 190 ilikuwa imepita tangu jopo la Marekani limtie mtu hatiani kwa kosa la uharamia. Machi 2011 walihukumiwa kifungo cha maisha, na juu yake miaka 80.

Hapa msomaji ana haki ya kusita. Watu 10 walioliteka jahazi na mabaharia wake walipata miaka saba Mombasa. Watu watano waliohusika kuifyatulia risasi manowari bila kumgusa yeyote walipata maisha na ziada. Kosa ni moja kwa jina, mkataba unaolifafanua ni mmoja, na bahari ni ile ile. Kilichotofautiana ni bandari walikoshushwa. Hilo ndilo pengo ambalo hakuna manowari inayoweza kuliziba.

Kesi zote mbili za Norfolk zilifika mbele ya mahakama ya rufaa mjini Richmond, ambayo mnamo Mei 2012 iliunga mkono tafsiri ya Jaji Davis na kufufua shtaka la uharamia katika kesi ya Ashland. Oktoba mwaka huo huo, Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo iliubatilisha uamuzi wa Jaji Ibrahim na kusema kwamba Kenya ina mamlaka ya kuwahukumu maharamia popote wanapotenda.

Lakini wakati huo shehena ya washukiwa ilikuwa imekwisha kugeuzwa njia. Ushelisheli na Mauritius zilikuwa zimekubali kuwapokea, na mashambulizi yenyewe yalianza kupungua kwa kasi, meli za biashara zilipoanza kubeba walinzi wenye silaha. Mahakama ya ulinzi mkali iliyofunguliwa Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, Juni 2010, iliachwa na sheria iliyo wazi kuliko wakati wowote na washukiwa wapya wachache.

Nicholas ilistaafishwa Norfolk Machi 17, 2014, na kufikia mwisho wa Septemba 2015 Marekani haikuwa na frigeti hata moja ya aina hiyo kazini. Idhini ya Baraza la Usalama iliyoyaruhusu mataifa kuwafuata maharamia hadi ndani ya maji ya Somalia, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Juni 2008, ilimalizika Machi 2022. Mwaka uliofuata, maharamia walirejea.

Muundo wa frigeti hizo nao haujatoweka. Uhispania iliunda zake kwa kufuata mchoro wa Perry, na mojawapo, Victoria, ndiyo iliyotumwa na Umoja wa Ulaya mnamo Novemba 2025 meli ya mafuta ya Hellas Aphrodite ilipovamiwa mbali na pwani ya Somalia ikielekea Durban. Mabaharia wake 24 walikuwa wamejifungia katika chumba salama. Frigeti ilipowasili, maharamia walikuwa wamekwisha kutoroka, na safari hii hapakuwa na haja ya kuuliza mahakama gani ingewapokea.