Twisti: miguu ndiyo iliyouza santuri

Katika harusi nyingi za hapa mjini hufika wakati vijana wakaombwa kuwaachia wazee uwanja. Dijei huweka wimbo wa Daudi Kabaka, na babu aliyekuwa akisinzia huinuka, akamwita nyanya, wakaanza kuzungusha viuno na kusaga sakafu kwa nyayo. Wajukuu hubaki vinywa wazi. Hiyo ndiyo twisti, msomaji mpenzi, na kisa chake kina funzo.

Mwaka wa 1959 mwanamuziki Hank Ballard wa Marekani alitoa wimbo wake "The Twist". Santuri ilipotoka, wimbo huo uliwekwa upande wa pili, upande usiotarajiwa kuvuma. Mwaka uliofuata ulirekodiwa upya na kijana wa Philadelphia, Chubby Checker, ambaye aliuimba na kuucheza katika kipindi cha televisheni cha Dick Clark. Kufikia Septemba 1960 ulikuwa nambari moja nchini humo. Maneno yalikuwa yale yale na muziki karibu ule ule. Tofauti ni kwamba sasa watu walionyeshwa miguu ifanye nini.

Tena hatua zenyewe zilikuwa rahisi. Hakukuwa na kushikana wala kuogopa kumkanyaga mwenzako. Kila mtu alicheza kivyake. Basi hata watu wazima wakaingia uwanjani, na Januari 1962 wimbo huo ukarudi kileleni mara ya pili. Wanamuziki wengine hawakulaza damu. Mwaka huo zilitamba "Peppermint Twist" yake Joey Dee, "Twistin' the Night Away" yake Sam Cooke na "Twist and Shout" ya Isley Brothers. Ilimradi neno twisti limo, santuri ilinunuliwa.

Wimbi hilo lilifika Nairobi pia. Hata hivyo, Kabaka na wenzake wa Equator Sound hawakuiga tu. Walichukua mchezo, wakautilia magita yao, ladha ya kwela ya Afrika Kusini na maneno ya maisha ya hapa petu, kama vile katika "Msichana wa Elimu". Twisti ikawa ya Kiafrika. "Helule Helule" yake Kabaka ilipendeza hivi kwamba mwaka wa 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliirekodi na kuifikisha miongoni mwa nyimbo 20 bora za huko.

Lakini wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ballard, aliyetunga wimbo, hakumbukwi na wengi. Checker naye alikuja kulalamika kwamba twisti ilimfunga, kwani watu hawakutaka kusikia kingine kutoka kwake. Kabaka aliaga dunia mwaka wa 2001, ilhali nyimbo zake zingali zinachezwa, hata na wasiojua hatua moja ya twisti.

Siku hizi vijana wengi hubuni hatua za kuchezwa kwenye simu kabla wimbo haujakamilika. Si vibaya. Ila wewe mwanafunzi unayeota kuwa mwanamuziki, kumbuka kwamba densi inaweza kukuuzia wimbo wa kwanza. Wa pili utauzwa na maneno yako na gita lako.