Breki Isiyotulia Mahali Pake



Mzazi mmoja wa Kibokoni ametuandikia kwamba baiskeli ya mwanawe imepelekwa kwa fundi mara tatu katika mwezi mmoja, na kila mara breki ya mbele hurudi kulalia upande wa kushoto. Fundi huigonga nyundo kidogo, huivuta kwa mkono, raba zikakaa sawa, ujira ukalipwa. Kabla ya Ijumaa kufika, raba moja inaparuza rimu na mwenzake iko mbali. Anauliza kama anunue breki mpya. Rai yetu ni kuwa asinunue bado.

Wala asilipuuze. Mtoto atokaye chuoni baada ya Alasiri, akateremka vichochoroni kuelekea Bandari ya Kale, hukutana na mkokoteni, na tuktuk, na bibi mtu mzima anayetoka mlangoni mwake akajikuta njiani kwa hatua moja. Breki iliyolala upande humlazimu mpanda baiskeli kuvuta mkono wa breki hadi karibu na usukani kabla gurudumu halijashikika barabara, na katika njia zetu urefu huo wa kungoja haupatikani.

Tuanze na lile ambalo mafundi wenye haraka huliruka: huenda breki haina kosa. Pindua baiskeli, legeza nati za gurudumu la mbele, ulisukume ekseli hadi mwisho wa uma pande zote mbili, kisha ukaze. Lizungushe, utazame rimu ikipita baina ya raba. Ikiwa inayumba, mara kushoto mara kulia, basi kazi iko kwenye njiti na si kwenye breki, nayo yataka fundi mwenye subira. Kuisogeza breki ili ifuate gurudumu lililokaa mshazari ni kurekebisha saa kwa kufuata kivuli cha mti uliopinda.

Gurudumu likiwa sawa, itazame bolti moja inayoishika breki yote kwenye uma. Hapa ndipo penye siri ya zile safari tatu. Nati ya nyuma inapokazwa peke yake, huizungusha breki nzima pamoja nayo. Na ikiachwa bila kukazwa vizuri, mitikisiko ya mawe na mashimo huilegeza. Dawa ni spana mbili: moja kwenye nati ya mbele, nyingine kwenye nati ya nyuma, zikazungushwa pamoja kuelekea upande mmoja mpaka breki iwe katikati, kisha nati ya nyuma ikakazwa huku ile ya mbele imezuiwa. Kabla ya hapo, futa grisi na kutu mahali breki inapokutana na uma, kwani chuma chenye utelezi hakishiki. Nati yenye duara la nailoni ndani yake hudumu zaidi kuliko nati tupu.

Kisha waya. Ernest Bowden alipata hataza ya waya uvutwao ndani ya ganda mwaka 1896, mwaka ule ule ilipoanza kutandikwa reli kutoka kisiwani kwetu kwenda bara. Ganda likikatwa fupi mno, kila usukani unapogeuzwa huivuta breki upande. Geuza usukani kushoto na kulia, na ukiiona breki inafuata, mwizi umemshika. Hewa yetu ya chumvi nayo hula waya na maungio ya mikono ya breki, mkono mmoja ukawa mzito kurudi na mwingine mwepesi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio latosha. Mafuta ya nazi tuyaache jikoni. Huvuta vumbi yakawa utomvu. Na mafuta yoyote yakidondokea rimu, yaoshwe kwa sabuni kabla mtoto hajapanda.

Baiskeli nyingi za watoto za siku hizi zina breki za mikono miwili iliyosimama, kila mmoja na skrubu ndogo ubavuni. Hizo ni rahisi: kaza robo mzunguko skrubu ya upande ambao raba inagusa, bonyeza breki mara kadhaa, utazame tena. Black Mamba ya babu, yenye vyuma badala ya waya, ni habari nyingine; yeye husumbua zaidi wakati wa masika, kwa kuwa rimu ya chuma ikilowa huteleza hata breki ikiwa imenyooka.

Mwisho wa kazi, raba zote mbili ziwe mbali na rimu kiasi cha milimita mbili, zishike kwa wakati mmoja, wala zisiguse tairi. Shika breki ya mbele uisukume baiskeli: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Jaribio hilo lifanyike kwenye ua au barazani, si kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni.

Mzazi wetu wa Kibokoni akiyapitia yote haya na raba ikarudi kulala kushoto, basi springi imechoka. Hapo ndipo anunue breki mpya, na amwombe fundi atumie spana mbili.