Shoga, siku 28 za mwanzo usizichezee!

Wiki hii mapenzi tunayaweka pembeni kidogo, tuongelee matunda yake.

Kuna kitu kinaniudhi sana mitaani. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, utasikia: "Mama yake karogwa huyo!" Baba naye anaingia mitini. Jamani, hebu tulieni niwape ukweli.

Mimba ikishatunga, seli za mtoto zinajigawa usiku na mchana. Baadhi yake zinajipanga kama kipande cha mkeka, halafu kingo mbili zinajikunja na kukutana, linapatikana bomba. Hilo bomba ndilo linalokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwenye siku ya 28 hivi linatakiwa liwe limeshaziba lote. Lisipoziba chini, ndiyo mgongo wazi. Lisipoziba juu, ubongo haujengeki na mtoto haishi.

Foliki asidi inaingiaje hapo? Seli haijigawi mpaka itengeneze DNA nyingine, na kazi hiyo inaihitaji. Ikipungua, kazi inazorota na bomba linaweza lisifunge.

Sasa shoga, siku ya 28 wewe ndio kwanza umechelewa wiki mbili, unajipa moyo kwamba ni malaria! Kliniki unakwenda tumbo limeshatokeza. Vidonge vya huko meza, vinasaidia damu, lakini habari ya bomba ilishakwisha zamani.

Mwaka 1991 Waingereza walitangaza utafiti wa akina mama waliokwishapata mtoto wa namna hiyo. Walioanza foliki asidi kabla ya mimba, hatari ya tatizo kurudi ilipungua kwa asilimia 72. Si kila kisa kinazuilika, ila hiyo siyo kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri maikrogramu 400 kila siku, tangu unapopanga kubeba mimba hadi wiki ya 12. Kama yalishakukuta, muone daktari kwanza, maana dozi yako ni kubwa zaidi. Maharage na mchicha kula kwa wingi, ila mchicha usiuchemshe mpaka ukafa.

Na nyie akina kaka mnaojua kununua chipsi kuku tu, mkipanga mtoto nunueni na vidonge hivi. Mchawi mnayemtafuta hayupo.

Tukutane wiki ijayo!