Mutoto akituuliza, tumujibu



Siku ya mukutano wa wazazi, baba mumoja alisimama na kaye ya mutoto wake mu mukono. Alikuwa ametoka kazi ya usiku, hata kulala hakulala. Akafungua kaye, akasoma mbele ya watu wote: « Baba, nani alikufundisha kazi yako? Kitu gani mikono yako inajua, chenye hakiandikwe mu kitabu? Wakati ulikuwa na myaka kama yangu, ulitaka kuwa nani? Kitu gani unaogopaka ku kazi? » Akafunga kaye. « Sasa ninyi wakubwa wa masomo, akasema, miye niko nalipa makuta juu mutoto ajue Kifaransa na hesabu. Hii njo masomo ya namna gani? Mutoto wa kelasi ya saba ataniuliza maswali kama polisi? »

Wengi tulicheka. Wengine tulipiga makofi. Lakini wakati wa kurudi ku nyumba tulijiuliza: juu ya nini maswali manne ya mutoto yanatuchoma vile? Leo tunataka kuongea juu ya ile kaye, kwani tunaona kwamba mwalimu hana kosa, na sisi wazazi tulicheka mbio sana.

Kwanza tueleze. Tangu sheria ya mwaka 2014, kelasi ya 7 na ya 8 njo mwisho wa ile wanaitaka éducation de base. Watoto wako na myaka 12, 13, 14. Mu saa ya Kifaransa, mwalimu anawasomesha romani, ni kusema hadithi ndefu inayojaza kitabu kizima. Mu Kiswahili bora wanaita riwaya. Romani ambayo mwalimu huyu alichagua ni L'Enfant noir ya Camara Laye, iliyotoka mwaka 1953. Wengi wetu tuliisikia zamani: tulikopi resime ku tablo, tukaishika kwa kichwa, tukapata pointi, tukaisahau.

Mwalimu huyu anafanya tofauti. Kelasi nzima iko na kitabu kimoja tu, kile chake mwenyewe. Anasoma kwa sauti, anaandika kipande ku tablo, watoto wanakopi. Kisha kila mutoto anapiga mustari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto anaandika ile Laye aliona ao alifanya. Upande wa kuume anaandika: « Na miye? » Maswali ya yule baba yalizaliwa pale, ku upande wa kuume.

Tuangalie kitabu chenyewe. Camara Laye alizaliwa mwaka 1928 ku Kouroussa, mu Guinea, kwenye watu wanaosha zahabu. Baba yake alikuwa mufua chuma na mufua zahabu. Mu kitabu, mwanamuke mumoja anafika na zahabu yake. Aliiosha pole pole mu matope ya mito, myezi na myezi. Baba anaiyeyusha ku moto, wasaidizi wanavuta mivukuto, mwimbaji anamusifu na kusifu mababu zake. Mutoto anasimama pale, macho wazi, anaona baba yake anageuka mutu mwingine mbele ya kazi. Mama naye haifurahie kazi ile, anaogopa itaharibu afya ya bwana yake.

Tuseme kweli: mutoto gani anaweza kusikia hadithi ile vizuri kupita mutoto wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi? Mwanamuke mwenye kuosha mawe mu muto, anamujua. Mama mwenye kuogopa juu ya kifua cha baba, anamujua pia, anamusikia usiku baba akikohoa. Yule hamujue vizuri ni baba mwenyewe. Watoto wetu wanaona buti ku mulango, wanaona kombinezo na vumbi, wanaona makuta wakati iko na mateso wakati haiko. Kazi yenyewe hawaione. Laye alikuwa na bahati: nyumba ya kufulia chuma ilikuwa mu lupango la baba yake. Sisi, kazi yetu iko chini ya udongo, ao nyuma ya ukuta na walinzi. Kama baba hasemi, mutoto atajulia wapi?

Siku ingine mwalimu alisoma kipande cha Kondén Diara. Usiku, vijana wanapelekwa mu pori, wanapiga magoti, wanafunga macho, na wanasikia kama simba wengi wananguruma karibu yao. Kisha, wakati wamekomaa, wanajua kwamba hawakuwa simba. Zilikuwa mbao ambazo wakubwa walikuwa wanazungusha ku kamba. Mwalimu akagawa vikaratasi: kila mutu aandike woga wake, bila jina, aweke mu kikapu. Kisha wakazungumuza, kwanza mu Kiswahili, halafu mu Kifaransa: woga gani ni simba wa kweli, na woga gani ni simba wa mbao? Kuongea Kifaransa mbele ya wengine: simba wa mbao. Giza: simba wa mbao. Lakini walipofika ku shimo ambalo udongo wake unaanguka wakati wa mvua, kelasi nzima ilisema: huyu ni simba wa kweli, tusimukaribie.

Wazazi, ni mara ngapi tumewakataza watoto wasiende ku mashimo? Wanaitika « ndiyo baba », kisha wanaenda. Siku ile walijikataza wenyewe. Njo maana ya ile namna ya kusomesha. Mwalimu haleti jibu mu mukono. Anamuachia mutoto nafasi ya kulitafuta, na mutoto akilitafuta anajikuta yeye mwenyewe ndani.

Tunasikia wenye kusema: ile yote ni michezo, mutihani uko mbele. Ni kweli, mutihani uko. Mwisho wa kelasi ya 8 watoto wanafanya TENASOSP. Lakini tusome jina lile vizuri: ndani yake muko neno « orientation », kumuonyesha mutoto njia. Kisha pale ataingia humanités, na lazima kuchagua: pédagogie, sciences, commerciale, technique. Nani anachaguaka? Mara mingi ni baba, ao ni rafiki, ao ni masomo yale yaliyo karibu na nyumba. Mutoto wa myaka 14 ambaye hakuna mutu alimuuliza hata siku moja « unaweza nini, unapenda nini, unaogopa nini », tunataka achague maisha yake mu siku moja? Na Kifaransa chenyewe kinapata faida. Mutoto anayekopi resime anaandika maneno ya mutu mwingine. Yule anayeandika juu ya baba yake anatoka jasho kutafuta neno lenyewe, na neno lile halitamutoka tena.

Kuko sababu ingine, na hii inatugusa sisi wa madini kupita wengine. Wazee wetu walikuwa wanasema: Kumpanyi njo baba, Kumpanyi njo mama. Nyumba, unga, hopitali, masomo ya watoto, yote ilitoka kule. Mutu alikuwa na matrikile yake, na matrikile ilijibu ku maswali yote. Halafu, kuanzia mwaka 2003, ikaja mipango ya départs volontaires, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakaacha kazi. Tunawajua, ni wababa zetu na majirani yetu. Makuta iliisha, ile njo mateso ya kwanza. Mateso ya pili ilikuwa ndani: mutu wa myaka 30 ya kazi anakaa chini ya muembe, na hajue tena ajiite nani. Leo tuko na makumpanyi ingine, na kontra fupi fupi. Tuko na wakrezeri wanaofuata bei ya kobalti ikipanda, wanaorudi mikono mitupu ikishuka. Kazi inabadilika mbio. Mutoto mwenye kujua jambo moja tu, kwamba yeye ni mutoto wa mine, atajishika ku nini siku mine itafungwa?

Baba wa Laye aliwaza vile mbele yetu. Alipenda mutoto akae karibu, ajifunze ya wazee. Lakini aliona masomo yatamupeleka mbali, na alimuambia hivyo mwenyewe, kwa huzuni. Kweli mutoto anaondoka: kwanza Conakry, ku masomo ya ufundi, kisha Ufaransa. Mama anakasirika na kulia. Watoto wa kelasi ya saba waliombwa kuandika barua ambayo baba angemuandikia mutoto usiku ule. Ili kuiandika, lazima mutoto aingie mu roho ya baba. Ni wangapi kati yetu waliingia mu roho ya baba zao mbele ya kuwazika?

Tufike sasa ku neno ambalo mu mukutano hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini lilikuwa mu roho ya wengi. Wageni wengi wanapitaka mu mitaa yetu na maswali: nani anaosha mawe, mutoto iko na myaka ngapi, siku ya posho anaendaka wapi. Tumejifunza kuogopa kila mutu mwenye karatasi. Kama mutoto anaandika « siku ya posho naoshaka mawe pamoja na mama juu ya kupata makuta ya masomo », ile kaye itafika wapi? Woga huu si wa mbao. Sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inakataza kazi ya namna ile, tunajua. Na tunajua pia juu ya nini inafanyika: primeri ya serikali ni bure tangu 2019, lakini ku kelasi ya saba muzazi anatoa makuta.

Kwa hiyo tunaomba walimu mambo matatu. La kwanza, kaye ile ni ya mutoto. Mwalimu asiisome mbele ya kelasi bila mutoto kukubali, wala asimupe mugeni, hata mugeni akileta bic na mifuko ya masomo. Akiona mutoto iko mu hatari, asinyamaze, lakini aanze kwa kumuita muzazi, waongee. La pili, asipime roho kwa pointi. Apime Kifaransa, apime kazi. Woga wa mutoto haupewe 7 ku 10. Na mutoto asiyekuwa na baba wa kuuliza asiachwe na ukurasa mutupu. Amuulize mujomba, nkambo ao jirani. La tatu, isigeuke njia ya kutafuta makuta. Kaye moja inatosha, fotokopi za kila juma hapana.

Na sisi wazazi, neno ni moja tu: tujibu. Dakika kumi mbele ya bukari zinatosha. Kama hujue kuandika, sema, mutoto ataandika. Si lazima kusema yote. Unaweza kumuambia « hii nitakuambia siku utakuwa mukubwa », na hata ile ni jibu. Lakini tukimufokea, atajifunza kwamba kazi ya baba ni haya, na hatauliza tena.

Yule baba wa mukutano tulimukuta kisha juma mbili. Alisema amejibu maswali matatu. Kazi alifundishwa na shemeji yake. Myaka 13 alitaka kuwa dereva wa treni, na mutoto alicheka sana. Mikono yake inajua hivi: mbele ya kuanza, anagonga mwamba wa juu na chuma, ukilia kama ngoma tupu, jiwe linataka kuanguka, na watu wanatoka. Myaka ishirini sauti ile inamulinda, na hata siku moja hakuwahi kuisema ku nyumba. Swali la mwisho, lile la woga, hajalijibu bado. Mutoto aliacha mistari mitupu mu kaye, anamungojea.