Saa za Mlinzi wa Mlangoni



Mei 1, 2025, katika sherehe ya wafanyakazi iliyofanywa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ya kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitatoka shilingi 370,000 na kufika 500,000 tangu Julai ya mwaka ule. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini nyongeza hiyo ilipoingia ofisini mwetu kule Mtumba ilimpita mtu aliyetufungulia lango. Yeye si mtumishi wa umma. Ni mtu wa kampuni iliyopata kazi kwa zabuni, kama alivyo mama afagiaye ukumbi na kijana amwagiliaye miche.

Twajua watakaojibu ya kwamba hao nao wana Amri yao. Ni kweli: Amri ya Mishahara iliyotolewa Oktoba 2025 ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi tangu Januari 1, 2026, kila kazi na kiasi chake. Lakini mkulima yeyote wa Kongwa ajua kwamba bei ya gunia ikipanda, na gunia lenyewe likajazwa lumbesa, hakuna alichoongezewa. Lumbesa ya mlinzi ni saa zake.

Aingia lindoni saa 12 jioni, atoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa juma. Na tumtolee saa moja ya kula, ijapokuwa sote twajua hali akiwa amesimama. Zabaki saa 11 kwa siku, yaani 66 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Basi saa 21 kila juma ni za ziada. Kwa majuma manne ni 84, hali sheria yaruhusu 50 tu. Waama hata tajiri alipaye senti zote za saa hizo angali anavunja sheria. Tusemeje juu ya asiyelipa hata moja?

Tufanye hesabu kwa mshahara wa mfano wa shilingi 195,000, kwa sababu hugawanyika vizuri. Kwa kanuni ya sheria hiyo, mwezi wa juma la saa 45 huhesabiwa saa 195. Saa moja basi ni shilingi 1,000, na ya ziada 1,500. Saa 84 ni shilingi 126,000. Hapo hatujagusa nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, tangu saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi. Fedha hizo zatosha kodi ya chumba Nkuhungu na unga wa watoto. Ziko wapi?

Wengine hujitetea kwa mapatano ya maandishi, kwamba mtu aweza kufanya kazi saa 12 kwa siku pasipo malipo ya ziada. Kifungu hicho kipo. Lakini wakisome mpaka mwisho: siku hizo zisizidi tano kwa juma, na saa za kawaida zibaki 45. Wengine husema mlinzi husinzia. Na asinzie! Hajakwenda kwake, yuko pale kwa amri, katika upepo wa Julai wa Dodoma ambao sisi twaukimbia kwa kufunga madirisha.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na wenzao wa reli wakawafuata kwa kufuata njia ya Reli ya Kati, wala hawakuulizana nani ameandikwa na nani. Hatumwambii mtu agome. Twauliza tu kwa nini sisi tulio na viti katika Mabaraza ya Wafanyakazi ya wizara hatujalitaja jambo hili, na hali mlinzi hana kiti humo.

Wanachama walio katika kamati za zabuni na watakeo orodha ya zamu pamoja na bei, kwa maana bei isiyotosha zamu tatu za saa nane imekwisha kukubali wizi kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Na kila mwanachama amwambie mlinzi wake mambo mawili. Kanuni za mwaka 2007 zilitoa siku 60 tangu mgogoro wa malipo uanze ili kuupeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Basi asingoje mkataba uishe. Tena, tajiri asiyeweza kutoa mkataba wa maandishi mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake yeye. Daftari la lindo lina saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa mkono wa mlinzi mwenyewe. Aandike nakala yake.