Elimu Iliyo Mikononi mwa Mhunzi

Wako watu wanaodhani kwamba sayansi hupatikana katika maabara tu, na kwamba kazi ya mhunzi ni mazoea ya mikono yasiyohitaji fikra. Kisu cha jikoni kinachofuliwa kwa mkono nchini Japani chatosha kuibatilisha dhana hiyo.

Mji wa Sakai, karibu na Osaka, umesifika kwa visu kwa karne nyingi. Huko kazi hugawanywa: mmoja hufua, wa pili hunoa, na wa tatu hutia mpini. Mhunzi huanza na vipande viwili: chuma laini chenye kaboni kidogo sana, na feleji yenye kaboni kiasi cha asilimia 1. Huvitia motoni na kuvipiga nyundo mpaka vishikamane viwe kitu kimoja. Feleji ngumu hukata vizuri, lakini huvunjika upesi. Chuma laini hakishiki makali, lakini hustahimili kishindo na hunoleka kwa wepesi. Kwa kuviunganisha, mhunzi hupata sifa njema za vyote viwili.

Kisha hufuata kazi ya kukitia kisu maji. Wahunzi wengi huifanya penye giza, ili waione barabara rangi ya chuma kilichopata moto. Kisu kikifikia nyuzi 800 hivi za Sentigredi, hutoswa majini ghafla. Atomi za kaboni, zilizokuwa zimeenea ndani ya chuma cha moto, hukosa nafasi ya kujitenga. Hunaswa humo na kuzuia tabaka za atomi za chuma zisiteleze. Ndiyo maana kisu huwa kigumu. Moto ukipungua, ugumu haupatikani. Ukizidi, chembe za chuma hukua na kisu huwa dhaifu. Mwishowe kisu hupashwa tena kwa nyuzi 150 hadi 200 hivi, kisije kikavunjika kama kioo. Macho ya mhunzi, basi, ndiyo kipimajoto chake.

Yawezekana mtu akauliza: kwa kuwa viwanda vina vipimajoto vya kweli, mhunzi ana haja gani? Jibu ni kwamba kipimajoto hutoa nambari tu. Kutambua nambari hiyo ina maana gani kwa kisu hiki, chenye unene huu, ni elimu iliyopatikana kwa kujaribu, kukosea na kusahihisha. Na hiyo ndiyo njia ya sayansi yenyewe.

Hata hivyo, elimu isiyoandikwa ina hatari yake. Katika jimbo la Shimane, kazi ya kuyeyusha mchanga wa chuma katika tanuri ya udongo iitwayo tatara, iliyotoa feleji ya panga za Kijapani, ilikoma mwaka 1945. Profesa Tawara Kuniichi alikuwa amekwisha kuzieleza tanuri hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1933. Lakini kazi hiyo ilipofufuliwa mwaka 1977, walitegemewa mafundi wazee walioifanya kabla haijakoma. Lau wazee hao wangalikuwa wamekwisha kufariki, kitabu peke yake kingalikuwa msaada mdogo. Na pasipo kitabu, ujuzi wote ungalikuwa rehani ya uhai wa watu wachache. Daftari na mkono huhitajiana.

Hapana budi shule ziache kuutenga ufundi na sayansi. Mwalimu wa kemia aweza kuanza na sindano mbili za kushonea. Zote zipashwe moto mpaka ziwe nyekundu. Moja itoswe majini, ya pili iachwe ipoe polepole. Kisha, chini ya uangalizi wa mwalimu na kwa kutumia koleo na miwani ya kukinga macho, zijaribiwe kukunjwa. Ya kwanza itakatika. Ya pili itapinda. Mwanafunzi akishajiuliza kwa nini, aende kwa mhunzi aliye karibu naye, atazame, aulize, apime na kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.