Fibroskopi: kumwambia mugonjwa "vumilia" haiko dawa

Bukavu – Nilimusindikiza jirani yangu, mama wa watoto sita, kwenye hospitali moja ya muji wetu. Tumbo lilikuwa linamuchoma tangu miezi mingi. Muganga alimuandikia fibroskopi, ule mupira wenye kamera unaopitia kinywani mupaka ndani ya tumbo. Alilipa mbele ya kuingia, akalala kwa ubavu wa kushoto, mupira ukaanza kushuka. Hakuna aliyemupulizia dawa ya ganzi kwenye koo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka dawa ya kumutuliza. Watu wawili walimushika mikono, na neno lilikuwa moja tu: "Mama, vumilia!" Alipozidiwa na kutapika, aliuvuta mupira yeye mwenyewe. Kipimo hakikuisha, na franga hazikurudishwa.

Leo anakunywa dawa za sokoni na anaapa hatarudia. Kama ndani kuko kidonda ao kansa, nani atakiona?

Wakubwa wa hospitali, tuseme wazi: huu hauko umaskini tu, ni mazoea mabaya. Kupuliza lidokaini kwenye koo hakuombi muganga wa usingizi wala chumba cha upasuaji. Kumueleza mugonjwa namna ya kupumua, na alama gani atoe akizidiwa, hakuombi hata franga moja.

Mutatujibu kwamba hata Ulaya wengi wanafanya fibroskopi bila kulazwa usingizi. Ni kweli. Lakini kule mugonjwa anaelezwa mbele, koo inatiwa ganzi, na yeye ndiye anachagua. Tena musichanganye na kolonoskopi: ile inajaza hewa na kuvuta utumbo mukubwa, maumivu yake ni mengine.

Mutatujibu tena kwamba midazolamu, fentanili na propofoli zinaweza kuzima pumzi. Kweli vilevile. Hatuombi zidungwe ovyo. Pasipo oksijeni, kale kamashini ka kidole kanakopima oksijeni ya damu, dawa ya kuamsha kama naloksoni, na mutu aliyefundishwa mwenye kazi moja tu ya kumuangalia mugonjwa, heri zisidungwe. Lakini hiyo ni sababu ya kununua vifaa na kufundisha watu. Haiko sababu ya kunyamaza.

Na serikali isijifiche. Lidokaini, midazolamu, ketamini na morfini ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Mwaka 2017 tume ya gazeti la waganga The Lancet ilionyesha kwamba, kwa tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kila mwaka, inchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Haki hiyo haiishie kwenye mulango wa chumba cha kipimo.

Tunaomba mambo matatu: ganzi ya koo kwa kila mutu asiyekuwa na mzio wake, bei ya dawa ya kutuliza ibandikwe ukutani, na mugonjwa aulizwe mbele ya mupira kuingia.

Na wewe musomaji, ukiandikiwa fibroskopi, usikimbie kipimo. Uliza: "Dawa ya ganzi iko wapi?" Haiko aibu kuuliza.